Nahamia Ujerumani baada ya miezi mitano na mbwa wangu hana chipu: nianzie wapi?

Swali: Nimepata kazi Ujerumani na natakiwa kuripoti baada ya miezi mitano. Nina mbwa jike wa miaka minne, chotara, kilo 28, na sitaki kumwacha. Chanjo ya kichaa cha mbwa anapata kila mwaka na kadi ninayo, ila hajawahi kuwekwa chipu ya utambulisho. Nchi ninayoishi haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezilegezea masharti. Rafiki yangu anashauri nikate tiketi kwanza, mengine yafuate. Baada ya mwaka au miwili huenda nikahamishiwa Uingereza au Japani. Je, muda unatosha?

Jibu: Unatosha, lakini umebana. Anzia kwa daktari wa mifugo wiki hii hii, na tiketi isubiri. Mbwa wengi wanaokwama mpakani huwa wazima wa afya kabisa. Kinachowakwamisha ni tarehe: sindano iliyotangulia chipu, damu iliyotolewa siku mbili mapema, cheti kilichozeeka kwa siku moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu hili ni kuhesabu siku.

Kabla hata ya kuhesabu, kuna jambo moja la kuondoa njiani. Umesema ni chotara. Ujerumani ina sheria ya mwaka 2001 inayokataza kuingizwa nchini kwa mbwa wa aina nne: Pitbull Terrier, American Staffordshire Terrier, Staffordshire Bullterrier na Bullterrier, pamoja na chotara wao. Majimbo mengi nayo yana orodha zao za nyongeza. Uingereza nako wamekatazwa Pit Bull Terrier, Tosa, Dogo Argentino, Fila Brasileiro, na XL Bully aliyeongezwa mwishoni mwa 2023. Kama mbwa wako ana kichwa kipana, kifua kilichojaa na manyoya mafupi, hata kama hujui wazazi wake, mwulize daktari ataandika nini kwenye nafasi ya aina ya mbwa, na wasiliana na mamlaka ya jimbo unalokwenda kabla hujatumia senti. Kama sura yake haina utata, tuendelee.

Chipu kwanza, sindano baadaye

Chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotolewa kabla ya chipu haihesabiki. Bila namba ndani ya mwili, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mbwa aliyeandikwa kwenye kadi ndiye huyu aliyesimama mbele ya afisa. Kadi yako ya miaka minne imemkinga mbwa kweli, lakini mpakani haina kazi. Atachanjwa upya baada ya chipu, na kwa hesabu za Ulaya hiyo ndiyo itakayoitwa chanjo ya kwanza.

Chipu iwe ya viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, yaani yenye tarakimu 15 na inayosomeka kwa masafa ya kilohezi 134.2. Ziko chipu za zamani zenye tarakimu tisa au kumi. Mashine za mpakani zinaweza zisizione, na mwenye mbwa hulazimika kubeba mashine yake mwenyewe ya kusomea. Usijiingize huko. Ni kidude kama punje ya mchele kinachodungwa chini ya ngozi, katikati ya mabega, bila nusukaputi.

Msimamie daktari afanye mambo haya kwa mpangilio, hata kama ataona unamfundisha kazi. Aisome chipu ikiwa bado ndani ya pakiti. Aidunge. Aisome tena ikiwa mwilini, alinganishe tarakimu zote 15 na stika zilizokuja na pakiti, na aandike tarehe. Baada ya hapo ndipo achanje. Chipu na chanjo vinaweza kufanyika siku moja, mradi chipu itangulie na maandishi yaonyeshe hivyo. Stika zinazobaki usizitupe: moja itakwenda kwenye fomu ya maabara, nyingine kwenye kadi ya chanjo, na moja weka mahali salama. Tarakimu zilizonakiliwa kwa mkono ndizo zinazoleta kizaazaa. 6 hugeuka 0, namba mbili hubadilishana nafasi, na kosa linagundulika miezi minne baadaye kwenye uwanja wa ndege.

Chanjo yenyewe isiwe ya virusi hai. Ulaya hukubali iliyotengenezwa kwa virusi vilivyouawa au kwa njia ya kijenetiki. Kadi ionyeshe jina la chanjo, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuchanja, na tarehe ya mwisho wa nguvu yake. Daktari akiandika tu "kichaa cha mbwa" na tarehe, rudi akamalizie. Muda wa nguvu ya chanjo hufuata maelekezo ya mtengenezaji katika nchi ilikotolewa. Nyingine ni mwaka mmoja, nyingine mitatu.

Kipimo cha kingamwili

Hapa ndipo miezi yako inapoishia. Kwa mbwa anayetoka nchi isiyo kwenye orodha, Ulaya hutaka damu ipimwe kuona kama chanjo imejenga kinga: angalau yuniti 0.5 za kimataifa kwa kila mililita ya seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Damu itolewe zikiwa zimepita siku 30 au zaidi tangu chanjo, na mbwa aingie Ulaya baada ya miezi mitatu kamili kuanzia siku damu ilipotolewa. Wengi huhesabu kutoka siku majibu yalipofika. Hilo ni kosa la bahati nzuri, maana linakuchelewesha tu bila kukufungia mlango. Kosa baya ni kutoa damu siku ya 29. Kipimo kinaweza kutoka na alama ya juu na bado kikakataliwa, ukaanza upya.

Chukua mfano. Chipu na chanjo ni tarehe 5 Januari. Damu itoke tarehe 6 Februari, siku ya 32, ili kusiwe na ubishi wa kama siku ya kwanza inahesabiwa au la. Majibu mara nyingi huchukua wiki mbili hadi nne, tuseme mwanzoni mwa Machi. Kuanzia 6 Mei mbwa anaruhusiwa kuingia. Ukiripoti kazini tarehe 5 Juni, una siku 30 za akiba. Akiba hiyo inatosha kufidia kifurushi kilichochelewa au daktari aliyekwenda likizo. Kipimo kilichofeli haiwezi kukifidia: itabidi achanjwe tena, damu itolewe tena, na miezi mitatu ihesabiwe upya. Ndiyo maana nasema wiki hii.

Kwa nini kipimo hufeli? Mara nyingi kwa mbwa mchanga aliyepata dozi moja tu maishani. Kinga baada ya dozi ya kwanza hupanda, hufika kileleni ndani ya wiki kama nne hadi sita, kisha hushuka. Anayechelewa hadi mwezi wa nne kutoa damu anaweza kukuta yuniti zimepungua chini ya 0.5, ingawa mbwa bado amekingwa. Mbwa wako yuko pazuri zaidi: kwenye karatasi hii ni chanjo ya kwanza, lakini mwili wake umeshachanjwa mara kadhaa na utajibu kwa kishindo. Hata hivyo usivuke siku ya 40 bila sababu.

Sampuli nayo ina mitego yake. Maabara hupima seramu, si damu nzima, hivyo damu iachwe igande kisha izungushwe kwenye mashine ya kutenganisha, na seramu ihamishiwe kwenye chupa safi. Seramu inayotakiwa ni ya rangi ya majani makavu, angavu. Ikiwa nyekundu, maana yake chembe za damu zimepasuka, na seramu ya namna hiyo huua seli zinazotumika kwenye kipimo. Maabara itakuandikia kwamba haikuweza kusoma chochote. Mililita moja inatosha, ila mwambie daktari abakize nyingine kwenye friza. Chupa iandikwe namba ya chipu, ifungwe ndani ya mfuko usiovuja, na iende ikiwa na barafu ya pakiti kwa wasafirishaji wanaokubali sampuli za kibaiolojia, ikiwa na alama ya UN 3373. Itume Jumatatu. Kifurushi cha Alhamisi hulala ghalani mwishoni mwa wiki.

Maabara iwe kati ya zile zilizoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na orodha yake iko wazi kwa umma. Baadhi ya nchi hudai kibali cha kuingiza seramu ya mnyama, kwa hiyo waulize maabara kabla ya kutuma. Majibu yakifika, soma vitu vitatu kabla ya kushangilia: namba ya chipu, tarehe ya kutoa damu, na kiwango.

Kama Uingereza au Japani inanukia

Uingereza isikusumbue. Mbwa akishakuwa mkazi wa Ujerumani atahesabiwa anatoka nchi iliyo kwenye orodha, na safari ya huko itadai chipu, chanjo ambayo haijaisha nguvu na hati zake, bila kipimo cha damu. Kinachoongezeka ni dawa ya minyoo tegu. Lazima iwe na prazikwanteli au dawa ya nguvu sawa, itolewe na daktari mwenyewe, na iandikwe tarehe na saa, kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika. Masharti hayo hayo yapo kwa Ireland, Malta, Finland na Norway. Ukimpa asubuhi ya kuondoka na kufika jioni, hujatimiza saa 24 na utazuiwa. Na kwa ndege, mbwa wa kawaida huingia Uingereza kama shehena tu, kwenye njia zilizoidhinishwa. Kumweka miguuni mwako ndani ya ndege hakuruhusiwi.

Japani ni habari nyingine, na ndiyo inayostahili kufikiriwa sasa. Wajapani wanataka chanjo mbili baada ya chipu, zikiwa zimepishana siku 30 au zaidi na ya pili ikiwa imetolewa kabla ya ya kwanza kuisha nguvu. Ndipo damu itolewe, ipimwe kwenye maabara inayotambuliwa na serikali yao, kisha mbwa asubiri siku 180 kuanzia siku ya kutoa damu. Taarifa ya kuwasili ipelekwe kwao angalau siku 40 kabla. Siku zikipungua, mbwa anamalizia zilizobaki karantini, na ukomo wake ni siku hizo hizo 180. Kuishi Ujerumani hakukupunguzii, kwani nchi wanazozihesabu kuwa salama ni chache, nyingi zikiwa visiwa.

Ushauri wangu, kama uhamisho huo una uzito: tafuta maabara iliyo kwenye orodha zote mbili, ya Ulaya na ya Japani, umchanje mara mbili, na damu itolewe siku 30 baada ya chanjo ya pili. Kwa Japani kipimo hicho kina uhai wa miaka miwili. Gharama yake kwako ni mwezi mmoja zaidi, na kwa tarehe zako huo mwezi ndio ile akiba yote. Ningefanya hivyo tu kama mwajiri ameshakuahidi kwa maandishi. La sivyo, maliza Ujerumani kwanza, na la Japani utalifanya ukiwa huko bila haraka.

Wasomaji wanaofikiria Australia au New Zealand wajue kwamba njia ni ndefu kuliko zote hizi: kibali cha kuingiza mnyama, vipimo vya magonjwa zaidi ya kichaa cha mbwa, na karantini kwenye kituo cha serikali hata kama kila karatasi iko sawa. Mbwa kutoka nchi isiyoidhinishwa na Australia haendi huko moja kwa moja; hupitia kwanza nchi iliyoidhinishwa na kukaa huko miezi. Marekani nayo tangu Agosti 2024 haipokei mbwa wa chini ya miezi sita, inadai chipu na fomu maalumu kwa kila mbwa, na inawawekea masharti ya ziada wanaotoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa.

Ndege na kizimba

Sasa tiketi. Rafiki yako ana hoja moja: nafasi za wanyama kwenye ndege ni chache. Lakini usilipe mtandaoni halafu ndipo uulize. Piga simu, toa tarehe, uzito wa mbwa na vipimo vya kizimba, omba nafasi ya mnyama, ndipo ulipe tiketi yako, na udai uthibitisho wa maandishi. Si kila aina ya ndege ina chumba cha mizigo chenye joto na hewa, kwa hiyo shirika likibadilisha ndege wiki ya mwisho, uliza tena. Chagua safari ya moja kwa moja ikiwezekana. Ukilazimika kuunganisha, uliza mambo mawili: nchi ya kupitia inataka kibali cha mnyama anayepita? Na nani anampa maji saa za kusubiri?

Kilo 28 hazikai ndani na abiria. Huko hukaa mbwa wadogo, mara nyingi kilo saba au nane pamoja na begi lake. Wako atakwenda ama kama mzigo wa abiria kwenye ndege yako, ama kama shehena yenye hati yake mwenyewe. Ujerumani inakubali njia zote mbili. Mzigo wa abiria huwa nafuu na rahisi, ila mashirika mengine yana ukomo wa uzito wa mbwa na kizimba kwa pamoja. Shehena hutozwa kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, wowote ulio mkubwa, na wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita kisha kugawa kwa 6,000. Kizimba cha 100 kwa 66 kwa 75 kinatoa kilo 82.5. Mbwa wako na kizimba chake wanaweza kuwa kilo 40 tu kwenye mizani, na bado utalipia zaidi ya 80. Ndiyo maana kizimba kikubwa kupita kiasi ni hasara, na mbwa naye huyumba ndani yake ndege ikitikisika.

Kidogo kupita kiasi ni hasara kubwa zaidi, kwa sababu wanakataa kumpokea. Pima mbwa akiwa amesimama, kwa kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Urefu kutoka pua hadi shina la mkia, ongeza nusu ya kimo cha mguu wa mbele kutoka sakafuni hadi kiwiko: huo ndio urefu wa ndani wa kizimba. Upana wa mabega zidisha mara mbili. Kimo ni kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa au ncha ya masikio yaliyosimama, lipi liko juu, pamoja na unene wa tandiko. Mbwa mwenye sentimita 80, kiwiko 35, mabega 25 na kimo 65 anahitaji ndani urefu wa 97.5, upana wa 50, na kimo cha kama 68 ukiweka tandiko la sentimita tatu. Vipimo vilivyobandikwa dukani mara nyingi ni vya nje. Ingia na futi yako.

Kizimba kiwe cha plastiki ngumu au mbao, chenye matundu ya hewa pande zote nne na mlango wa chuma. Nusu ya juu na ya chini zifungwe kwa bolti na nati za chuma. Vile vibanio vya plastiki vinavyobanwa kwa kidole havikubaliki kwenye mashirika mengi, maana hufyatuka kizimba kikigongwa. Magurudumu yatolewe. Bakuli la maji na la chakula vining'inie ndani ya mlango, vijazike kutoka nje bila kuufungua. Tandiko linyonye mkojo. Majani makavu yasitumike, nchi nyingi huyakataa kwa hofu ya wadudu. Alama za mnyama hai na mishale ya kuonyesha juu ni wapi zibandikwe pande zote.

Nunua kizimba leo, si mwezi wa mwisho. Kiweke sebuleni mlango ukiwa wazi, chakula chake kiwe humo. Baada ya wiki mbili funga mlango dakika tano wakati anakula, kisha ongeza taratibu mpaka alale usiku mzima. Mbwa asiyezoea huuma mlango mpaka meno yanavunjika na fizi zinatoka damu, na rubani au wahudumu wa mizigo wakiona damu wanaweza kumshusha.

Watu huuliza sana kuhusu dawa ya usingizi. Usimpe. Dawa za kumlegeza mbwa hushusha shinikizo la damu na kumvurugia uwezo wa kurekebisha joto la mwili na kusimama sawasawa, na chini kule hakuna wa kumtazama. Mashirika mengi hukataa mbwa anayeonekana amelewa dawa. Mbwa wa pua fupi, kama bulldog na pug, wako kwenye hatari zaidi kwa sababu hupoa kwa kuhema na njia zao za hewa ni nyembamba. Mashirika mengi hayawapokei kabisa sehemu ya mizigo. Wako kama ana pua ya kawaida, adui yake ni joto la uwanjani kabla ya kupakiwa. Safari ya usiku ni bora. Wakati wa joto kali mashirika husitisha mbwa bila kujali umelipa lini.

Cheti cha siku kumi

Karatasi ya mwisho ndiyo yenye maisha mafupi. Cheti cha afya cha kuingia Umoja wa Ulaya hujazwa na daktari na kuthibitishwa na daktari wa mifugo wa serikali, na kina uhai wa siku kumi tangu kilipotolewa mpaka ukaguzi wa kuingia. Kitolewe siku nne au tano kabla ya safari: mapema kiasi cha kurekebisha kosa, na karibu kiasi kwamba ndege ikiahirishwa bado kina uhai. Wiki mbili kabla, nenda ofisi ya serikali uulize nani anasaini, siku gani, na kama yupo. Afisa mmoja akiwa safarini, ratiba yako yote inasimama.

Kiwe kwenye kielelezo rasmi cha Ulaya, kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi unayoingilia. Ukiingilia Ufaransa kwa kuunganisha ndege na ukaguzi ukafanyika huko, cheti cha Kijerumani kinakuwa na kasoro. Saini na muhuri viwe vya rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa. Saini nyeusi kwenye chapa nyeusi inafanana na nakala. Vifungu visivyomhusu mbwa wako vikatwe kwa mstari, na kila sahihisho liwe na saini ndogo na muhuri. Tarehe ziandikwe kwa mpangilio wa siku, mwezi, mwaka. Tarehe 6 Februari ikiandikwa kwa mtindo wa Kimarekani itasomeka 2 Juni, na afisa hana wajibu wa kukisia. Ambatanisha majibu ya maabara, kadi ya chanjo, na tamko ulilosaini kwamba humleti mbwa kumuuza.

Hilo la mwisho lina sharti lake. Mbwa akisafiri na mtu mwingine kwa idhini yako, wewe lazima usafiri ndani ya siku tano kabla au baada yake. Ukitangulia mwezi mmoja na mbwa akafuata, anahesabiwa kama bidhaa, na utaratibu wa bidhaa ni mwingine, mrefu na ghali zaidi. Kwa hiyo kama unafikiria kwenda kwanza kutafuta nyumba, fikiri tena.

Siku yenyewe

Mpe chakula chepesi saa nne hadi sita kabla ya kumkabidhi, maji mpaka dakika ya mwisho, na matembezi marefu. Usiku uliotangulia gandisha maji kwenye bakuli la kizimba. Barafu haimwagiki wakati wa kupakia, na huyeyuka taratibu angani. Mkanda wa shingoni uwe laini, usio na vitu vya kuning'inia vinavyoweza kunasa. Mnyororo na kifunga mdomo vibaki nawe. Chukua vifungo vya plastiki vya kukazia pembe nne za mlango, lakini usivikaze kabla ya walinzi kukagua kizimba, maana watakuomba umtoe. Nakala za hati ziingie kwenye mfuko wa plastiki uliobandikwa juu ya kizimba pamoja na kipimo kimoja cha chakula. Hati halisi ziwe mkononi mwako, kamwe zisiingie kwenye begi la kukabidhi.

Ukifika Ujerumani, pita njia nyekundu ya forodha na umtangaze. Wataanza na chipu. Ikigoma kusomeka, waombe wapitishe mashine begani, kwenye kiwiko na kifuani, kwa sababu chipu huweza kutelemka kutoka ilipodungwa. Hati zikiwa na kasoro, sheria inawapa mamlaka njia tatu: kumrudisha alikotoka, kumweka karantini kwa gharama zako mpaka masharti yatimie, au, pale ambapo hizo mbili haziwezekani, kumwua. Kwa cheti chenye kosa dogo huwa kuna mazungumzo. Kwa siku 30 au miezi mitatu isiyotimia hakuna.

Ndani ya wiki za kwanza mwandikishe kwa kodi ya mbwa kwenye manispaa, uliza kama jimbo lako linalazimisha bima, na umpeleke kwa daktari wa hapo amtengenezee pasipoti ya mnyama ya Umoja wa Ulaya. Ndani yake anakili namba ya chipu, chanjo, na matokeo ya kipimo cha kingamwili. Karatasi halisi ya maabara itunze. Kwa Ulaya kipimo hicho hakirudiwi maisha yote ya mbwa, ilimradi chanjo inayofuata itolewe kabla ya ile ya sasa kuisha nguvu. Ikipita hata siku moja, mbwa huyo anaanza tena kama hajawahi kuchanjwa, kwa hiyo weka ukumbusho wa mwezi mmoja kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.